Uzi wa Kizimba cha Kumi na Saba

Mimi katika mji huu wa Plovdiv sijawahi kushindwa kumjua mhalifu. Mtu akiiba, akiua, akichoma banda la jirani, mimi nimeshamtaja jina kabla polisi hawajavaa kofia. Katika kesi hii ya panya wa Taasisi ya Ubongo nilimtaja profesa siku ya kwanza. Siku ya pili asubuhi nikamtaja Daktari Severina, na mchana wake nikaapa kwa kaburi la mama yangu kwamba ni mlinzi wa getini. Mlinzi alikuwa amelazwa wiki nzima, anatolewa kijiwe cha figo. Basi tumwachie kazi Inspekta Nedyalka Tosheva, ambaye angalau analipwa kwa kukosea.

Asubuhi ya Machi pili Inspekta aliingia chumba cha mahabusu na banitsa, andazi la jibini, lililofungwa kwenye karatasi. Juu ya benchi alikuwa ameketi Mama Ginka Peeva, miaka sitini na tatu, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri zamu kwa daktari wa meno. Kwa miaka ishirini na sita ndiye aliyeosha vizimba vya panya pale Taasisi, akawabadilishia maji na kuwapimia chakula. Jana jioni alitolewa kazini akiwa katikati ya polisi wawili, na aproni yake bado kiunoni.

"Sili cha polisi," alisema Ginka.

"Si cha polisi. Nimekinunua mwenyewe, na kingine kama hicho kimeniunguza ulimi."

Ginka akakitazama. Akakisukuma pembeni. Akakivuta tena, akala chote, akakunja karatasi mara nne.

"Saa kumi na moja jioni," alisema Inspekta, "saa zangu zinaisha. Ama nikuachie ama nikukabidhi kwa mwendesha mashtaka. Na sasa hivi, mama, sina sababu ya kukuachia. Panya ishirini na wanne wamekufa kwa amfetamini. Chupa tupu tumeikuta ndani ya ndoo yako. Ufunguo wa kabati la dawa uko kwenye shada lako."

"Shada linaning'inia msumarini chumba cha kuoshea. Hata paka wa jirani anajua."

"Na wiki tatu zilizopita, kantini, mbele ya watu kumi na wawili, ulimwambia Profesa Drumev—"

"Nilimwambia Mungu amnyime anachokitafuta. Na ningekuwa na supu mkononi ningemmwagia kwanza, Mungu angekuja baadaye."

"Kwa nini?"

Ginka akanyoosha karatasi aliyoikunja, akaanza kuikunja upya.

"Kwa sababu ya Stamat wangu. Mume wangu. Ana ugonjwa wa Parkinson mwaka wa tisa. Ile tiba waliyokuwa wanaijaribu kwa panya, watu wa kwanza kutibiwa wanachaguliwa vuli hii. Nikamwomba profesa amwandike. Akaniambia tutaona, tutaona. Siku ile akaniambia ni mzee mno. Mzee! Na yeye mwenyewe anapaka nywele rangi ya viatu."

"Kwa hiyo ukalipiza."

"Kwa kuua panya?" Ginka aliinua kichwa. "Inspekta, wewe una akili au umevaa tu koti? Nilimlaani profesa, sikuilaani dawa. Profesa anaweza kufa kesho, dawa ikabaki. Panya wakifa, dawa imekufa, na Stamat nyuma yake. Anakunywa vidonge mara nne kwa siku, kwa saa yake, kikichelewa nusu saa anaganda kama kiti. Maji hayamezi bila mtu kumshika kidevu. Jana usiku nani kamshika kidevu?"

"Nilimtuma jirani yenu."

"Yule mwenye makucha? Toba! Atamchinja." Akainama mbele. "Ukimpata aliyefanya hivi, usimpeleke mahakamani. Nipe mimi dakika tano. Hii mikono imesugua vizimba miaka ishirini na sita."

"Dakika tano ni nyingi."

"Tatu basi."

Inspekta alifungua daftari lake. "Kizimba namba kumi na saba kilifungwa uzi wa Machi. Ni wako?"

"Wangu. Jana ilikuwa Machi mosi. Siku hiyo kila chenye pumzi kinafungwa uzi wa afya, mtoto, mwanakondoo, hata mche wa matunda. Panya kakosea nini?"

"Profesa anasema alama yoyote kwenye kizimba ni marufuku. Anayehesabu hatakiwi kujua panya yupi ametibiwa."

"Ndiyo maana nilifunga pembeni, pasipoonekana sana. Yule wa kumi na saba alikuwa mgonjwa wa upande mmoja, kama Stamat. Walimharibia ubongo upande mmoja akawa anazunguka, anazunguka, kama mbwa anayefukuza mkia. Walipomtia waya wa tiba kichwani, siku ya kumi nikamkuta anatembea moja kwa moja mpaka kwenye bakuli. Nililia pale pale. Tangu hapo namwita Stamat. Ila yule wa kizimbani alikuwa msikivu zaidi."

Mkononi Ginka alivaa uzi wa dukani, mwekundu na mweupe, kama wa Inspekta, kama wa mji mzima.

"Ule wa kizimbani ulinunua pamoja na huu?"

"Huu nilipewa na mjukuu. Ule wa kizimbani nilisokota nyumbani, kwa mtindo wa mama yangu, wa kwetu milimani. Watu wa mjini wanaucheka, kwa hiyo sikumwonyesha mtu. Ulitoka kwenye kijiti cha kusokotea sufu ukaingia mfukoni, saa tatu asubuhi ukatoka mfukoni ukafungwa."

Inspekta aliandika kila neno. Uzi wenyewe alikuwa bado hajauona. Fundi wa polisi aliukata jana kutoka kizimbani, akautia ndani ya bahasha ya khaki na kuipiga mhuri, na bahasha ilikuwa ndani ya mkoba wake pamoja na miwani, vidonge vya tumbo na kitambaa ambacho ni heri tusikitaje.

Profesa Kalin Drumev alimpokea Inspekta pale Taasisi akiwa amesimama, na hakumkaribisha kiti. Nywele zake, Ginka hakusema uongo.

"Bado hamjamshtaki?"

"Bado, Profesa. Kwanza nieleweshe. Mimi shule yangu ni ya sheria."

"Nitasema kwa urahisi. Ndani kabisa ya ubongo kuna njia. Amri ya kutembea inapita humo kama maji kwenye mfereji. Kwa mgonjwa wa Parkinson mfereji unakauka. Kwa panya tunaukausha sisi, upande mmoja tu, kwa sumu. Ukimpa amfetamini kidogo, anazunguka, nasi tunahesabu mizunguko. Kisha tunaingiza waya mwembamba kuliko unywele, tunaamsha njia ya pembeni, maji yanapita kwingine. Nusu ya panya walipewa umeme, nusu waya mtupu. Zilibaki wiki tatu. Baada ya hapo tungepima ubongo wao wote."

"Kwa hiyo wangekufa hata hivyo."

"Kwa siku yao na kwa faida!" Profesa alipiga meza. "Ubongo uliokaa saa tatu ndani ya maiti haufai kitu. Ni miaka minne, Inspekta. Kuanza upya ni miaka miwili mingine. Nataka huyo mama aozee ndani. Nataka aone vuli ikija kupitia dirisha dogo."

"Waya aliweka nani?"

"Daktari Ognyan Lyutskanov. Wote ishirini na wanne, kwa mkono wake. Ana mkono wa sonara."

"Jina lake nimelitafuta kwenye makala yenu ya Januari, sikuliona."

Profesa akatazama saa yake. "Tulikosana kuhusu mambo fulani. Makala zina nafasi chache."

Nafasi chache! Makala ilikuwa na majina kumi na moja, la mwisho la mtu aliyefariki mwaka juzi. Lakini Inspekta aliandika tu, maana kalamu haina ulimi wa kujikwaa.

Mlangoni mwa chumba cha panya kulikuwa na kitabu cha kuingilia, kimefungwa kamba ili kisitembee, na kila mtu anajiandikia saa zake mwenyewe. Ukurasa wa Machi mosi ulikuwa na mistari minne. Peeva, saa tatu kamili mpaka saa tatu na robo. Hadzhieva, yaani Daktari Severina, tatu na nusu mpaka tatu na dakika arobaini. Lyutskanov, tano na dakika kumi mpaka tano na dakika kumi na mbili. Peeva tena, saa nane, ndipo alipowakuta wamekufa. Mstari wa mwisho hauna saa ya kutoka, maana alitoka anapiga kelele.

"Hapa mnawachoma sindano humohumo?" Inspekta alimuuliza profesa.

"Hapana. Mchana humo ni giza, kuna taa nyekundu tu. Panya ni wa usiku. Tumewageuzia saa ili wawe macho tukiwa kazini. Wekundu hawauoni, wao wanadhani ni usiku. Ukiwawashia taa nyeupe mchana umewavurugia mwili na hesabu ya wiki nzima imeharibika. Sindano tunafanyia chumba cha pili. Dawa ni kama maji, na kwenye taa nyekundu huoni hata mstari wa kipimo."

"Jana jioni nani aliingia humo baada ya Ginka?"

"Mafundi wenu. Waliwasha taa nyeupe, sisi wengine tukafungiwa nje. Hata mimi! Ndani ya taasisi yangu!"

"Na Daktari Lyutskanov?"

"Tangu saa sita alikuwa chuoni anafundisha. Alirudi leo."

Daktari Severina Hadzhieva ndiye aliyehesabu mizunguko ya panya, mwanamke wa miaka thelathini na mitano, macho mekundu, kucha zimetafunwa. Alizungumzia kwenye jiko dogo la wafanyakazi, akikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

"Mimi sipendi kumsema Mama Ginka," alisema, na Inspekta akajua kwamba anamsema. "Lakini kuna kitu nilikiona. Niliingia saa tatu na nusu kuwaangalia. Wote walikuwa wazima. Kwenye kizimba cha kumi na saba kulikuwa na uzi. Nikadhani ni martenitsa, uzi wa Machi wa kawaida, nikatabasamu, nikaukaribia. Inspekta, ulikuwa mweusi na mweupe."

"Mweusi?"

"Mweusi kama wa msiba. Nani anafunga uzi mweusi Machi mosi? Nywele zilinisimama. Nikasema moyoni, huyu mama anawazika wakiwa hai. Na saa nane wakawa wamekufa."

"Kwa nini hukuuondoa?"

"Niliogopa kuugusa." Akaona haya. "Nina shahada tatu. Usiandike hilo."

"Shahada naziandika. Woga nauacha. Nani mwingine angefurahi panya wakifa?"

Severina aliacha kukoroga. "Ognyan. Januari jina lake liliondolewa, langu likatangulia. Sikuomba mimi. Aliniletea keki ya pongezi, ameiandika jina langu kwa krimu."

"Uliila?"

"Nilimpa mlinzi."

Ndipo mimi nilipomtilia mlinzi mashaka, lakini hayo yamepita.

Inspekta alikwenda kusimama peke yake dirishani mwa korido, kwenye jua la mchana. Akavunja mhuri wa bahasha mbele ya polisi aliyekuwa zamu, akaandika saa, akavuta uzi kwa kibano.

Ulikuwa mwekundu na bluu. Wekundu wa pilipili, na bluu nzito kama ya suruali ya fundi. Weusi haukuwamo hata unyuzi mmoja, weupe nao haukuwamo.

"Alaa," alisema Inspekta Tosheva.

Basi Severina amedanganya. Mtu haoni nyekundu akasema nyeupe, labda awe mlevi. Ametunga uzi wa msiba ili kumzika Ginka, na anayemzika mwenzake ana sababu. Inspekta alitazama saa: saa tisa kasoro dakika kumi. Alikwisha piga hatua tatu kurudi jikoni kumkamata ukosi, akasita. Mwongo mwenye shahada tatu angesema uongo unaofanana na ukweli. Kwa nini aseme rangi ambazo bahasha ingemuumbua siku hiyohiyo?

Akageuka, akamwambia polisi amfungulie chumba cha panya.

Vizimba vilikuwa vitupu, vimepangwa safu nne za sita. Mlango ulipofungwa nyuma yake, ikabaki taa nyekundu peke yake, na harufu ya unga wa mbao. Aliinua mkono kutafuta swichi ya taa nyeupe, akaikuta nyuma ya mlango, imefunikwa kibati. Hakuiwasha. Alikuwa ameuona mkono wake mwenyewe.

Uzi wake wa dukani, mwekundu na mweupe, ulikuwa umekuwa mweupe mtupu. Aliusogeza karibu na taa, akauzungusha. Wekundu wote umekimbia. Akatoa uzi wa Ginka kwa kibano. Nyuzi nyekundu zilionekana nyeupe kama maziwa, na zile za bluu zilikuwa nyeusi kama masizi.

Uzi wa msiba. Severina alikuwa amesema kweli tupu, na ukweli wake ulikuwa karibu umfunge mtu asiye na hatia.

Inspekta alirudisha uzi ndani ya bahasha, akaibandika upya. Nje kwenye korido alipiga simu kituoni.

"Mleteni Mama Ginka hapa. Ndiyo, sasa. Mkiulizwa, semeni anakuja kuonyesha ndoo. Na mpitisheni kwanza kwake ampe mume vidonge vya saa tisa. Nimesema mpitisheni! Kama ni makosa yaandikeni kwa jina langu."

Daktari Ognyan Lyutskanov aliingia ofisini saa tisa na nusu, mrefu, mtanashati, mikono mizuri kweli, na uzi wa Machi umefungwa kifundoni mwa mkono kwa fundo ambalo daktari tu ndiye anayelijua. Aliketi bila kuambiwa.

"Nimesikia mmeshamkamata," alisema. "Masikini. Umri nao."

"Tunamalizia makaratasi, Daktari. Nikiandika, utanisaidia kwa kusema taratibu? Jana uliingia chumba cha panya mara ngapi?"

"Mara moja. Saa tano na dakika kumi. Dakika mbili, kuangalia joto la chumba. Nimeandika kitabuni."

"Na taa?"

"Nyekundu, kama sheria inavyotaka."

"Nyeupe hukuwasha hata kidogo? Hata kusoma kipimajoto?"

"Inspekta, mimi ndiye niliyeandika sheria hiyo. Hakuna anayegusa taa nyeupe mchana. Kipimajoto kinawaka chenyewe."

"Na leo umeingia?"

"Kimefungwa na polisi wako. Nitaingiaje, kwa tundu la ufunguo?"

"Umeongea na Ginka tangu jana?"

"Mwenye kuongea na Ginka ni ndoo." Akacheka peke yake.

Inspekta aliandika yote, akasoma kwa sauti, akasogeza karatasi. Ognyan akatia sahihi chini ya ukurasa.

"Panya walikuwa wazima ulipoingia?"

"Wazima kabisa. Wanne watano walikuwa wanajisafisha masharubu."

"Walikuwa kazi yako, nasikia. Waya zote."

Uso wa Ognyan haukubadilika, ila kidole gumba kilianza kusugua kidole cha pili. "Kazi yangu, ndiyo. Miezi kumi na moja nimeinama juu ya vichwa vidogo kama jozi. Shingo yangu haijanyooka mpaka leo. Halafu mtu mwingine akapiga picha mbele ya kazi hiyo. Lakini hayo yamekwisha. Mimi si mtu wa kinyongo."

"Inaonekana," alisema Inspekta. "Sasa jambo dogo, kisha nikuache ukapumzike. Kuna uzi kwenye kizimba cha kumi na saba. Daktari Severina ameniambia kuwa ni uzi wa msiba. Mweusi na mweupe. Anasema Ginka aliutundika kama laana, na mimi nautegemea huo kumshtaki."

Inspekta alikuwa ameinamisha kichwa, anachonga penseli, vumbi la penseli likimwangukia mapajani.

Hapo ndipo mtu mwenye busara angesema ndiyo, mweusi na mweupe, akaenda nyumbani kwake kula. Lakini kinyongo ni mgeni mlafi. Umempa Ginka, bado anataka na Severina.

"Severina alisema mweusi?"

"Na mweupe. Ameapa."

Ognyan alitabasamu, na lilikuwa tabasamu la kwanza la kweli tangu aketi. "Basi Severina amekudanganya, Inspekta. Uzi niliuona mimi kwa macho yangu mawili. Ulikuwa mwekundu na bluu. Mambo ya kwao Ginka huko milimani."

"Una hakika? Chumba kile ni giza."

"Mimi nashona unywele ndani ya ubongo wa panya, unaniuliza kama naona uzi? Mwekundu na bluu. Andika. Bluu ya kukolea. Halafu jiulize, kwa nini mwanamke msomi atunge uzi mweusi? Nani anamlinda? Jina lake ndilo liko mbele kwenye makala, na mimi najua hesabu zake za mizunguko hazikuwa nzuri kama alivyoandika. Panya waliokufa hawahesabiwi tena. Fikiria hapo."

"Kumbe!" alisema Inspekta, kama mtu aliyepewa zawadi. "Mwekundu na bluu. Nimeandika. Weka sahihi hapa pia, Daktari, maana hili ni zito."

Akaweka, na mkia mrefu chini ya jina.

"Nifuate," alisema Inspekta. "Unionyeshe ulisimama wapi, ili Severina asije akaruka."

Alimfuata kwa hatua nyepesi. Koridoni polisi wawili walikuwa wamesimama na Mama Ginka katikati yao, aproni bado kiunoni. Ognyan alipita kama anayepita mti. Polisi akafungua mlango, wote wakaingia, mlango ukafungwa, wekundu ukawameza.

"Ulisimama wapi?"

"Hapa. Mbele ya safu ya tatu."

"Taa ikiwa hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Inspekta alivunja bahasha, akauvuta uzi kwa kibano, akautundika pembeni mwa kizimba namba kumi na saba, palepale palipobaki alama ya fundo. Akarudi nyuma.

"Nisomee rangi, Daktari."

Ognyan aliinama. Kichwa chake kikakaa pale, karibu na uzi, muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kusoma uzi. Akausogelea zaidi. Akatazama uzi wake mwenyewe kifundoni, ambao ulikuwa umegeuka mweupe mtupu kama kamba ya kufungia soseji.

"Huu si wenyewe," alisema.

"Ni wenyewe. Mhuri umeuona nikiuvunja. Nisomee."

"Taa hii mmeibadilisha."

"Ni taa ya jana, saa tano na dakika kumi. Umeniwekea sahihi, na mkia chini. Ni rangi gani?"

"...Mweupe," alisema Ognyan. "Na mweusi."

"Kama alivyosema Severina. Yeye alifuata sheria. Lakini wewe uliona nyekundu na bluu, Daktari, na chini ya taa hii hakuna kiumbe anayeziona. Mtu mwenye panya ishirini na wanne, dawa kama maji na sindano yenye mistari midogo, huyo ndiye anayehitaji mwanga. Nani aliyewasha taa nyeupe?"

Mahali fulani kwenye bomba maji yalidondoka, na nyuma ya mlango kibati cha swichi kilikuwa kimekaa kwa unyenyekevu wake.

"Ginka," alisema Ognyan ghafla, kwa sauti ya mtu aliyepata kamba mtoni. "Sasa nakumbuka. Ginka mwenyewe aliniambia. Tulikutana koridoni asubuhi, tukaongea, akaniambia ameusokota kwa nyekundu na bluu, mambo ya kwao. Ndiyo. Sikuuona, niliambiwa. Nilichanganya tu."

"Mimi?"

Mama Ginka alikuwa amejipenyeza kati ya polisi wawili, na chini ya taa ile aproni yake ya bluu ilikuwa nyeusi tii, kama ya mwanamke anayetoka makaburini.

"Mimi nilikuambia wewe?" alisema. "Miaka minne nakuambia habari za asubuhi, Daktari. Miaka minne nakufungulia mlango ukiwa umebeba visinia vyako. Hujawahi kunijibu hata salamu. Jana ndiyo tukasimama koridoni, mimi na wewe, nikakuhadithia uzi wa mama yangu? Haya, niambie basi. Kama tuliongea, mwite yule panya jina. Nilimwita nani?"

Ognyan akafungua mdomo. Akamtazama Inspekta, akatazama kizimba kitupu, akatazama mlango. Kile kidole gumba kizuri, cha sonara, kilikuwa kinagonga paja chenyewe, tik, tik, tik, na hakikukubali kutulia.

"Dakika tatu, Inspekta," alisema Ginka.

"Subiri, mama. Mwache kwanza ajibu."